Kivuta Moshi cha Bwana Kesho

Siku hizo Dobi alikuwa akijua kilichopikwa kabla hajafika mlangoni. Harufu ilimpokea kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza, ikamsindikiza hadi ya pili, na alipofika ya tatu macho yalikuwa yameshaanza kumwasha. Vitunguu. Kila siku vitunguu, na baada ya vitunguu kitu kingine cha kukaanga: samaki, viazi, maini, mayai. Alisimama hapo mlangoni, begi begani na viatu mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi, ndipo akaingia.

Dobi halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na mumewe siku za uchumba, kwa kuwa alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na likamganda hata ukweni wakasahau lile la wazazi wake. Kutwa nzima alikuwa akihamisha mashuka kutoka mashine moja kubwa kwenda mashine nyingine kubwa, na mashuka ya wodi nzima yakishalowa, asikudanganye mtu, yana uzito wa mtu mzima aliyekataa kuamka.

"Mama, nimerudi."

"Karibu, mwanangu. Pole na kazi." Sauti ilitoka ndani ya wingu.

Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya jiko, mfupi, mnene kiasi, kitambaa kichwani, mwiko mkono mmoja na pindo la nguo mkono wa pili, akijifuta machozi. "Vitunguu hivi vina hasira," alisema, kama alivyosema jana na juzi. Dobi akaitikia kwamba kweli vina hasira, akaenda kunawa.

Kwenda bafuni ilibidi apite ubavu ubavu, maana ukumbini palikuwa na boksi. Ndani ya boksi hilo mlikuwa na kivuta moshi, ile mashine ya bati inayofungwa ukutani juu ya jiko ili ifyonze moshi na mvuke na kuutupa nje. Mumewe ndiye aliyekinunua. Jengo zima walimwita Bwana Kesho, kwa sababu hakuna alichokuahidi kwa leo. Alikuwa na moyo mzuri na mikono myepesi, tatizo ni kwamba ile mikono ilikuwa ikianza kazi kwa vishindo na kuimaliza kwa maneno. Siku boksi lilipoletwa alichora mstari wa penseli ukutani, akasimama akautazama kwa kuridhika, akasema atakifunga kesho. Kesho zikafuatana, mpaka ikaja moja ambayo yeye hakuiona. Moyo ulimsimama kazini, ghalani, akiwa amekaa kwenye gari la kunyanyulia mizigo, na wenzake walidhani anasinzia.

Watu walikuja kuzika, wakakaa siku za kukaa, wakaondoka. Wakabaki wanawake wawili, mama wa marehemu na mke wa marehemu, katika nyumba ya vyumba viwili. Hakuna aliyemwambia mwenzake aondoke na hakuna aliyemwambia abaki. Boksi nalo likabaki. Mama mkwe alilitandika kitambaa cha kufuma, akaweka redio juu yake, na tangu hapo likawa meza.

Chakula kilipoandaliwa, mama mkwe aliketi mbele ya Dobi akimtazama kila tonge. "Kula, mwanangu, umekonda." Dobi akala. Tumbo lilikuwa halitaki mafuta, mwili ulitaka kulala tu, lakini angeanzaje kusukuma sahani mbele ya macho yale mekundu? Alikula, akashukuru, akalala na nywele zinazonuka vitunguu. Asubuhi wenzake kazini walimuuliza, "Leo umekaangwa na nini?" naye alicheka, kwa sababu kucheka kulihitaji nguvu ndogo kuliko kujibu.

Aliwahi kulitaja boksi mara moja tu. Alisema labda aitwe fundi.

"Fundi wa nini?" mama mkwe akauliza. "Si amesema atakifunga mwenyewe?"

Halafu akasikia alichokisema. Alinyanyuka, akaongeza sauti ya redio, na redio ikatangaza bei za mazao kwa nguvu mpaka walipokwenda kulala. Dobi hakurudia tena. Kuna uchovu ambao ukimpata mtu, hata ugomvi anauona ni kazi ya ziada.

Basi ikafika siku ambayo mashine moja ya kufulia iliharibika, Dobi akachelewa kutoka. Alipofika kwenye ngazi hakusikia harufu ya vitunguu. Alisikia harufu ya kuungua. Zile ngazi alizokuwa akizipanda kwa kuzibembeleza, siku hiyo hakujua alizipandaje. Mlango ulikuwa wazi nusu. Jikoni hakuonekana mtu, moshi tu, mzito, wa kijivu, na sufuria iliyogeuka mkaa juu ya moto. Alizima gesi, akafungua dirisha, ndipo akamwona mama mkwe chini, ameketi sakafuni na mgongo kwenye kabati, mdomo wazi, akivuta hewa isiyokuja.

"Mama! Mama, nishike shingo."

"Nime... kaa... kidogo tu."

Alimnyanyua. Mtu aliyezoea mashuka yaliyolowa anajua kunyanyua, lakini huyu alikuwa mzito kwa namna nyingine, na Dobi alipomfikisha ukumbini alipiga simu kuita teksi.

Kwenye zahanati daktari alimsikiliza kifua, mbele na nyuma, akauliza, "Mama, unavuta sigara?"

"Mimi?" Mama mkwe alikasirika mpaka pumzi ikamrudi. "Mimi hata sijui inashikwa vipi!"

"Basi unavuta kitu kingine. Jikoni kwako pakoje?"

Dobi ndiye aliyejibu. Daktari akasikiliza, akaandika dawa, akasema dawa hizo zitasaidia siku mbili tatu, lakini moshi usipopewa njia ya kutoka nje utaendelea kutafuta njia ya kuingia kifuani.

Kwenye teksi ya kurudi nyumbani mama mkwe alitazama nje muda wote. Walipokaribia, Dobi akasema, "Namwita fundi." Mama mkwe hakujibu. Dobi aliuchukulia ule ukimya kuwa ni ndiyo, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuuliza mara ya pili.

Fundi alikuja siku ya mapumziko ya Dobi, asubuhi, ngazi ya kupandia begani na mfuko wa vifaa ukining'inia shingoni. Alikuwa mtu wa makamo mwenye goti bovu, na kabla ya salamu alihitaji kwanza kuegemea fremu ya mlango.

"Hizi ngazi zenu," alisema alipoweza kusema, "alizijenga mtu asiyetupenda. Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama mkwe akaitikia kwa mdomo tu.

Alipoona fundi anaunyoosha mkono kwenye redio, aliwahi mwenyewe. Aliitoa, akakunja kile kitambaa mara nne, akaenda kusimama kando ya friji huku amekumbatia redio kifuani kama mtoto wa mtu. Kutoka hapo alitazama boksi likipasuliwa. Vumbi lilitoka, vikatoka vipande vyeupe vya kuzuia kugongana, kisha kikatoka chenyewe, bati linalong'aa, kipana chini na chembamba juu, na bomba lake la kukunja limelala ubavuni. Kilikuwa kipya kabisa. 

Fundi aliingia jikoni, akatazama ukuta.

"Nani kachora hapa?"

"Mume wangu," Dobi akasema.

"Yupo? Nimuulize kitu."

"Ameshafariki."

"Ah." Fundi alivua kofia, akaishika kidogo, akairudisha. "Poleni sana. Mungu ampumzishe." Halafu akanyoosha tepu kutoka kwenye plati za jiko hadi kwenye mstari, akaguna. Akapima tena. "Mstari uko chini mno."

"Chini kivipi?"

"Hili jiko ni la gesi, dada. Moto wa gesi unaruka. Kutoka hapa kwenye moto mpaka hapa kinapoanzia kivuta moshi, karatasi yake yenyewe inasema isipungue sentimita sitini na tano. Huu mstari haufiki hata hamsini. Angalia." Alikigeuza kile kifaa, akaonyesha wavu wa chini. "Mafuta yote ya kukaanga yananasia humu. Siku moto ukipanda kwenye kikaango, unafika humu, unakutana na mafuta. Tena usipandishe sana nako, ukizidi sabini na tano hivi moshi unatawanyika njiani. Hapa katikati ndipo penyewe."

"Mwanangu alipima," mama mkwe akasema kutoka kwenye friji.

"Alipima, mama, sikatai, ila..."

"Nakuambia alipima. Nilikuwepo. Alinisimamisha hapo hapo kama mtoto anayepimwa urefu shuleni."

Ilikuwa kweli, na Dobi alikumbuka vizuri kuliko alivyopenda. Bwana Kesho alimsimamisha mama yake ukutani, akamwambia anyooshe mkono, akachora pale ambapo vidole vyake vingefikia kitufe cha kuwashia bila shida. Mama akasema, mkeo je, huyu mrefu, si atajipasua paji la uso? Naye akajibu, mke wangu atainama, mbona kwenye basi anainama. Walicheka wote watatu. Alipima mkono wa mama yake na akalifikiria paji la uso la mkewe. Moto tu ndio hakuupima.

Fundi aliona mambo yanakuwa mazito, akajaribu njia nyingine. "Haya, tuanze upya. Humu ndani nani anapika?"

"Mimi," wakajibu wote wawili kwa mpigo.

Fundi alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, kisha akainama kutafuta kitu kwenye mfuko wake ambacho hakikuwemo. Dobi mwenyewe alishangaa. Hakuwa amepika kwenye jiko lile tangu msiba. Neno lilimtoka tu, kama vile mtu anapoitwa jina lake la utotoni akageuka.

"Kifungwe pale alipochora," mama mkwe akasema, "au kirudi kwenye boksi."

"Mama, pale mimi sifungi." Fundi alijivutia kigoda akakaa, goti lile amelinyoosha mbele. "Nyumba ikiwaka hawatamuuliza marehemu. Wataniuliza mimi."

 Bomba la maji lilikuwa likidondoka tone moja moja kwenye sinki. Dobi aliegemea meza ya jikoni, akafunika uso kwa viganja, na kwa muda akafikiri kwamba angeweza kulala hivyo hivyo, amesimama, kama farasi.

"Mama," alisema, bila kuondoa viganja. "Nimechoka."

"Nenda kapumzike, mwanangu, tutazungumza baa..."

"Sijachoka hivyo." Sasa aliondoa mikono. Hakupaza sauti, hakuwa nayo. "Nimemzika mmoja. Siku ile nilikukuta pale chini, pale ulipokanyaga sasa hivi, na nikasema moyoni, siwezi tena. Si kwamba sitaki. Siwezi. Nikikukuta hivyo mara ya pili nitakaa chini kando yako, na hakutakuwa na wa kutunyanyua. Mstari alichora yeye, najua. Nilikuwepo mimi pia. Lakini hakikuwa kipimo, mama. Ilikuwa mapenzi. Mapenzi yake hayazimi moto."

 Mama mkwe aligeuka na redio yake, akatoka taratibu, na mlango wa chumba chake ukafungwa taratibu vilevile. Angeubamiza ingekuwa nafuu.

"Toboa," Dobi akamwambia fundi.

Drili ililia, vumbi jeupe likamwagika juu ya jiko, juu ya sahani, juu ya kofia ya fundi. Alichora alama mpya juu ya ule mstari wa penseli, akafuata kijialama cha msalaba ambacho Bwana Kesho alikiweka katikati, akatoboa matundu manne. Kisha wakakinyanyua. Fundi alipanda ngazi akashika upande wa kulia na bisibisi mdomoni, Dobi akasimama juu ya kigoda akashika kushoto. Kilikuwa kizito kuliko kilivyoonekana, na tena hakikuwa na pa kushika. Skrubu ya kwanza ikaingia. Ya pili ikakataa. Fundi alihamisha uzito kwenye goti zima, akajaribu tena, ikakataa.

"Usiachie, dada!"

"Siachii!"

"Unaachia!"

"Mikono ndiyo inaachia, si mimi!"

Bati lilianza kuinama upande wa kushoto. Dobi aliuma meno, jasho likamwingia machoni, na pale alipokuwa anajiandaa kupiga kelele, uzito ukapungua. Alitazama chini. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati yao, mikono yote miwili juu, viganja bapa chini ya bati, kitambaa cha kichwani kimeteleza hadi sikioni.

"Pumua," alimwambia Dobi. "Umebana pumzi."

Dobi akapumua. Fundi akahangaika na skrubu yake. Mama mkwe alikaa hivyo kama nguzo, akitazama juu ndani ya lile bati, kisha akatazama chini, kisha akatazama juu tena.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Hili lidude lako litavuta moshi wa nani?"

"Wa jiko, mama."

"Jiko liko wapi?"

Fundi alichungulia kutoka juu ya ngazi. Dobi naye akachungulia. Jiko halikuwa chini ya kile kifaa. Nusu ya jiko labda. Plati mbili za upande wa dirisha zilikuwa nje kabisa, na sehemu kubwa ya kivuta moshi ilikuwa imekaa vizuri, sambamba, imenyooka, juu ya chombo cha vijiko.

"Lo," fundi akasema.

Wakatoa ile skrubu moja, wakakishusha sakafuni, wote watatu wakihema. Fundi alifunga nati kwenye uzi ikawa timazi, akaining'iniza kutoka kwenye ule msalaba wa penseli ili aone kwa macho yake. Nati ilitua katikati ya vijiko, ikagonga kijiko cha chai, *ting*.

"Nani kahamisha jiko?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta wa kugawana naye kosa.

"Mimi," mama mkwe akasema.

"Lini?" Dobi akauliza.

"Baada ya msiba. Wewe ulikuwa kazini. Nilisukuma kidogo kidogo." Alikirudisha kitambaa kichwani, akachukua muda kukifunga. "Pale lilipokuwa nilikuwa natazama ukuta. Na ukuta una ule mstari. Sasa nikae kutwa nautazama?"

Dobi akageuka kuutazama ule mstari.

"Hapa naona geti," mama mkwe akaendelea. "Muda wako wa kutoka ukikaribia naanza vitunguu. Nikikuona unaingia getini natia samaki, ili ukifika huku juu kiwe cha moto. Ukichelewa, basi, naacha vitunguu viendelee, nasema atatokea sasa hivi. Siku ile ulichelewa sana."

Dobi alishuka kwenye kigoda, akaenda kusimama mbele ya jiko, mahali pale pale, akainama kidogo ili awe na kimo cha yule mwingine. Dirishani palionekana kipande cha barabara, ukuta wa jirani, geti la bati lililopakwa rangi ya bluu, na benchi la mlinzi. Zaidi ya hapo hapakuonekana kitu. Mwaka mzima alikuwa akipita geti lile kichwa chini, akitazama miguu yake, bila kujua kwamba kuna mtu anamngoja kwa jicho.

"Kuna njia mbili," fundi akasema polepole, maana si mjinga, aliona amesimama katikati ya jambo. "Turudishe jiko lilipokuwa, na matundu yangu yapo tayari. Au nitoboe upya huku, niyazibe yale."

"Toboa upya," Dobi akasema. "Jiko linabaki hapo."

Fundi aliguna, akakuna shingo, akatazama juu ya dirisha kwenye tundu la hewa ambako bomba lingetokea. Akapima kwa macho. "Kusema la haki, huku ni afadhali. Bomba litakuwa fupi, na bomba fupi linavuta vizuri zaidi kuliko la kuzungukazunguka."

"Nilijua," akasema mama mkwe, ambaye hakuwa akijua lolote.

Safari hii fundi alianza na timazi. Aliishusha katikati ya plati nne, akahakikisha mara mbili, akauliza kila mtu kama ameridhika, hata friji aliitazama. Alama ya urefu ilipowekwa, mama mkwe alisimama chini yake bila kuambiwa, akanyoosha mkono. Vidole viliishia hewani, mbali na mahali ambapo kitufe kingekuwa, juu kabisa ya bati.

"Sifiki."

"Utatumia mwiko, mama," fundi akasema.

Alimtazama fundi kwa muda, kama anayepima iwapo ametukanwa. Kisha alichukua mwiko, akaunyoosha, akabonyeza hewa. "Mwiko nao," alikubali shingo upande.

"Na huu mstari? Niufute?" Fundi alikuwa ameshalowesha kitambaa.

"Uache," mama mkwe akasema.

"Mvuke utaufuta tu, mama, mwezi au miwili."

"Basi ufutwe na mvuke."

Kikafungwa. Mikono sita, matusi madogo madogo ya fundi kwa skrubu ya tatu, na mara moja kigoda kikayumba wakapiga kelele wote, lakini kikakaa. Fundi aliweka pima maji juu yake, kiputo kikatulia katikati. Akaunga bomba, akaunga umeme, akabonyeza. Kilinguruma kama lori linalopanda mlima. Alichoma kipande cha karatasi akakishika juu ya plati ya dirishani, na ule moshi wake mwembamba ukainuka wima, ukaingia ndani, ukapotea. Mama mkwe alikwenda dirishani kuhakikisha unatokea nje kweli.

Fundi alikunywa maji bilauri mbili, akafunga vifaa vyake, akaagana nao. Walimsikia akishuka ngazi, akilalamika kwa kila ngazi peke yake.

Dobi alifagia vumbi. Mama mkwe alipangusa sahani. Jua lilikuwa bado lipo, na kwa mazoea ya mikono tu, bila hata kufikiri, mama mkwe akateleka kikaango, akamimina mafuta, akakata vitunguu, akawasha moto, akabonyeza kitufe kwa mwiko. Dobi alikuwa amekaa mezani akimwangalia. Moshi ulipanda na kuondoka. Jikoni pakawa peupe kama ofisini, na kwa mara ya kwanza tangu msiba Dobi akauona vizuri uso wa yule mama mbele ya jiko. Machozi yalikuwa yakishuka. Yalishuka bila sauti, hadi kidevuni, kama ya mtu aliyeyazoea.

Mama mkwe alinyanyua pindo la nguo. "Vitunguu hivi vina..." Akageuka, akaona anavyotazamwa. Hakumaliza.

Dobi alinyanyuka akazima gesi. "Mama. Wewe una njaa?"

"Mimi? Hapana."

"Mimi pia sina."

"Tangu lini?"

"Tangu siku nyingi. Usiku tumbo langu halitaki mafuta."

Mama mkwe alibaki na mwiko mkononi. "Na mbona huwa unakula? Unamaliza sahani nzima!"

"Kwa sababu umepika."

"Mimi napika kwa sababu unakula!"

Wakatazamana. Wa kwanza kucheka alikuwa mama mkwe, kicheko kilichogeuka kikohozi, kikohozi kikageuka kilio, na safari hii hakujifuta. Dobi alimvutia kiti. Alikaa kwa kishindo, miguu mbele, na akaonekana mzee kuliko asubuhi.

"Niliogopa," alisema baada ya kitambo. "Nilisema, siku nikiacha kupika huyu ataona hana sababu ya kupanda zile ngazi. Bado wewe ni kijana. Una kwenu."

"Kwetu chumba changu wameshapangisha," Dobi akasema. "Amekaa fundi cherehani. Tena analipa kwa wakati, hawatamfukuza kwa ajili yangu."

"Kumbe."

"Ningekuwa sitaki kukaa, mama, ningeondoka zamani. Nisingengoja boksi lifunguliwe."

Mama mkwe alitikisa kichwa, si kukataa, ni kule kutikisa kwa mtu anayejishangaa. "Nami nimechoka kupika," alisema, kwa sauti ya chini, kama aibu. "Mgongo wote huu. Nimechoka mwanangu, hujui."

"Basi kesho usipike."

"Tutakula nini?"

"Mkate upo. Chai ipo. Siku zangu za mapumziko nitapika mimi."

"Wewe? Wewe huwa unasahau chumvi."

"Utanikumbusha ukiwa umekaa."

Dobi alichemsha maji, akatoa mkate, akakata vipande vinene kwa sababu mkono haukuwa na subira ya vyembamba. Walikula wakichovya, bila maneno mengi. Mama mkwe alieleza mtoto wake alivyokuwa akichovya mkate mpaka ukakatikia kwenye chai, halafu anaulilia. Dobi akasema hata ukubwani alikuwa hivyo hivyo, ila kulia ndiko alikoacha.  

Dobi alipogeuka kumuuliza kama anataka chai nyingine, mama mkwe alikuwa amesinzia, kidevu kifuani, kikombe kimeinama. Dobi alimtoa kikombe vidoleni, akakiweka mezani. Kivuta moshi kilikuwa bado kinanguruma juu ya jiko lililozimwa, kikivuta hewa tupu. Ilibidi mtu ainuke akakizime. Alikitazama, akamtazama mama mkwe, akapima umbali wa hatua chache zile. Kisha akanyoosha miguu chini ya meza, akaegemeza kichwa ukutani, akakiacha kivute.